Kiwanja cha Mjimwema kilichosomeka kiko chini ya bahari

Mama mmoja mkazi wa Temeke alikuwa amebakiza kutia saini tu anunue kiwanja Mjimwema, Kigamboni, umbali wa kutembea kidogo kutoka ufukweni. Bei walishakubaliana, mjumbe alishahusishwa, fedha zilikuwa benki zikisubiri. Mtoto wa dada yake, kijana anayejifunza kazi ya upimaji, akaenda na kipokezi cha setelaiti kuhakiki mipaka. Mipaka ilikaa sawa. Lakini kwenye safu ya mwisho ya jedwali alilochapisha, ile ya kimo, kila pembe ya kiwanja ilikuwa na alama ya kutoa mbele yake: −21.2, −21.4, −21.5, −21.6.

Mama akaisoma kama ambavyo mtu yeyote angeisoma: kiwanja kiko mita ishirini na moja chini ya bahari. Akasimamisha ununuzi siku hiyohiyo. Dalali akasema kifaa ni kibovu. Muuzaji akahisi anatafutiwa sababu ya kupunguza bei, na akatoa mchoro wa zamani wa eneo hilo unaoonyesha kimo cha karibu mita 6 juu ya bahari. Kaka yake yule mama, mtu aliyefanya kazi za bandarini miaka mingi, akaja na jedwali la maji kujaa na kupwa. Hilo lilisema bamvua ya wiki ile, yaani kujaa kukubwa kwa maji kunakokuja na mwezi mchanga au mpevu, ingefika mita 3.8, naye akapiga hesabu: sita kutoa tatu nukta nane, zinabaki mita mbili na kidogo, kiwanja hakifai. Mzee mvuvi anayekaa jirani, alipoulizwa, akasema tangu azaliwe hajaona maji ya bahari yakipanda hadi hapo, hata bamvua ya mwezi wa tatu huishia chini kule kwenye mawe.

Nilipoombwa niliangalie suala hili, kilichonishangaza ni kwamba kifaa hakikuwa kibovu, mchoro haukuwa wa uongo, jedwali la maji halikukosea na mzee alisema kweli. Ugomvi wote ulikuwa juu ya sifuri. Ni sawa na watu watatu wanaobishana dari iko juu kiasi gani, mmoja amepima kutoka sakafuni, mwingine kutoka barazani, wa tatu kutoka barabarani. Kila aliyetaja kimo cha kile kiwanja alikuwa amepima kutoka mahali tofauti, na hakuna karatasi hata moja iliyosema ni wapi.

Nianze na ile alama ya kutoa, maana ndiyo iliyozua taharuki. Setelaiti za GPS haziijui bahari. Kipokezi kinapokokotoa kilipo, kinalinganisha na umbo la kihesabu la dunia, tufe lililobanwa kidogo kwenye ncha zake: nusu kipenyo chake ni mita 6,378,137 kwenye ikweta, na kama kilomita 21 pungufu ukielekea ncha za kaskazini na kusini. Umbo hilo ni laini kabisa. Limechaguliwa kwa sababu hesabu zake ni nyepesi na linaifaa dunia nzima kwa wastani. Dunia yenyewe hailingani nalo. Chini ya miguu yetu miamba haina uzito sawa kila mahali, kwa hiyo uvutano nao hauko sawa, na maji ya bahari hufuata uvutano. Penye uvutano mkubwa zaidi maji hukusanyika na kuinuka. Penye upungufu yanazama.

Wataalamu wanauita jioidi ule uso ambao bahari ingetulia juu yake kama kusingekuwa na upepo, mawimbi, mikondo wala mwezi, uvutano na mzunguko wa dunia peke yake ndio vinavyoamua. Uso huo hupita hata chini ya nchi kavu. Unaweza kuukokotoa chini ya Dodoma kama unavyoukokotoa katikati ya bahari. Na una mabonde na vilima. Bonde lake kubwa kuliko yote duniani liko kwenye Bahari yetu ya Hindi, kusini mwa Sri Lanka, ambako uso wa bahari uko zaidi ya mita 100 chini ya lile umbo la kihesabu. Pwani ya Tanzania iko kwenye mteremko wa kuelekea bonde hilo. Ndiyo maana ukisimama Dar es Salaam na kipokezi mkononi, ukingoni kabisa mwa maji, kifaa kitakuambia uko zaidi ya mita 25 chini ya sifuri, na miguu yako imeloa kidogo tu.

Simu na programu nyingi hazionyeshi jambo hili kwa sababu ndani yake mna jedwali la jioidi linalosahihisha kimo kimyakimya kabla hujakiona. Vipokezi vya upimaji huacha uamuzi kwa mpimaji. Kijana wetu hakuwa amewasha sahihisho hilo. Namba yake ilikuwa safi hadi sentimita, ila ilihesabiwa kutoka kwenye sifuri ambayo hakuna mtu anayejenga nyumba kwa kuifuata.

Sasa, ile mita 6 ya mchoro wa muuzaji ilitoka wapi? Hapa ndipo penye swali kubwa: usawa wa bahari ni kitu gani hasa. Anayekaa Dar anajua kwamba bahari haitulii. Abiria wa pantoni la Magogoni anaona asubuhi ngazi ya kushukia imelala karibu tambarare, jioni imeinama hadi wenye mikokoteni wanasaidiana kusukuma. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa kama saa 24 na dakika 50, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita tatu. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, hupungua sana. Juu ya hapo kuna kusi na kaskazi zinazosukuma maji kwa misimu, kuna joto la maji, kuna mgandamizo wa hewa: hewa ikipungua mgandamizo kwa milibari moja, bahari huinuka kama sentimita moja. Hakuna saa hata moja ya siku ambayo unaweza kunyoosha kidole ukasema, huu hapa usawa wa bahari.

Kwa hiyo wanasayansi hawautafuti kwa macho. Wanautengeneza kwa wastani. Kipimo cha zamani ni bomba lililosimamishwa bandarini, limezama majini, chini likiwa na tundu dogo. Mawimbi ya kupita hayawezi kuingiza na kutoa maji kwa haraka kupitia tundu hilo, lakini kujaa na kupwa kunakochukua saa nyingi kunapita bila shida, hivyo ndani ya bomba maji yanapanda na kushuka taratibu, na boya lililomo linaandika. Vituo vya sasa vingi hutumia rada inayotazama maji kutoka juu. Vyovyote iwavyo, kila saa inaandikwa namba, namba za saa zinatoa wastani wa mwezi, miezi inatoa mwaka. Na mwaka hautoshi. Njia ya mwezi angani hubadilika taratibu katika mzunguko wa miaka 18.6, na maji hubadilika nayo, ndiyo sababu wastani unaoaminika huchukuliwa kwa miaka 19. Ukiwa na wastani huo, unaufunga kwenye kitu kisichosogea: alama ya shaba iliyopigiliwa kwenye mwamba au saruji, na unaandika kwamba alama hii iko mita kadhaa juu ya wastani wa bahari. Kuanzia hapo bahari inaweza kufanya itakalo. Sifuri imeshagandishwa nchi kavu.

Sifuri ya Tanzania Bara iligandishwa Tanga, kutokana na vipimo vya bandarini vya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kutoka hapo wapimaji walitembea na leveli, yaani darubini inayotazama mlalo kamili, wakisoma stafu kwa stafu, zile rula ndefu zinazosimamishwa ardhini, wakasambaza vimo nchi nzima. Vipimo vile vya Tanga vilichukua muda mfupi sana ukilinganisha na miaka 19, na hilo ni pungufu linalojulikana na watu wa fani, lakini kwa nyumba ya Mjimwema halina uzito. Lenye uzito ni kwamba mchoro wa muuzaji ulitumia sifuri hiyo, na mchoro wenyewe haukusema.

Niliona njia pekee ya kuwatuliza wote ni kupima mbele yao. Tukaanzia kwenye alama ya kimo iliyo kando ya barabara, nguzo fupi ya saruji yenye kichwa cha chuma ambayo wapita njia huikalia wakisubiri bodaboda. Tulianza alfajiri, kwa sababu jua likishapanda joto linaloinuka kwenye lami hufanya tarakimu za stafu zicheze machoni. Kijana alisoma, mimi nikaandika, kisha tukabadilishana ili kila mmoja amsahihishe mwenzake. Tulikwenda hadi kwenye pembe ya kiwanja na kurudi tulikoanzia, na hesabu ya kwenda na ya kurudi zikapishana milimita chache. Pembe iliyokuwa −21.4 kwenye kipokezi ikatoka mita 5.9 juu ya sifuri ya Tanga. Tofauti ni mita 27.3, na hiyo ndiyo nafasi kati ya umbo la kihesabu na usawa wa bahari pale Mjimwema. Mama alitazama namba zote mbili kwenye daftari moja, akauliza, "Kwa hiyo ni kitu kilekile?" Nikamjibu, "Ni kilekile, mama, hakijasogea hata kidole."

Kaka mtu hakuridhika, na alikuwa na haki. Jedwali lake la maji lilibaki pale pale: mita 3.8. Yeye alikulia kwenye jedwali hilo, na mabaharia huliamini kwa sababu maisha yao yamo humo. Shida ni kwamba jedwali la maji halihesabu kutoka wastani wa bahari hata kidogo. Nahodha hajali wastani. Anachotaka kujua ni kama chombo kitagusa mwamba. Hivyo sifuri ya ramani za baharini na ya jedwali la maji huwekwa chini kabisa, karibu na pale maji yanapofika yanapokupwa kupita kiasi, ili kina kilichoandikwa kwenye ramani kiwe kile cha uhakika na jedwali limwongezee nahodha juu yake. Katika bandari yetu wastani wa bahari uko karibu mita mbili juu ya sifuri hiyo. Mtu akitoa 3.8 ya jedwali kutoka kwenye 6 ya mchoro, anakuwa ametoa vitu viwili visivyoanzia mahali pamoja, na jibu halimaanishi chochote.

Maneno hayo nilimweleza, akatikisa kichwa. Basi tukasubiri bamvua yenyewe. Siku hiyo tulishuka ufukweni kabla ya saa ya kujaa iliyoandikwa kwenye jedwali, tukaweka leveli mahali pakavu, tukaipima kwanza kutoka kwenye pembe ya kiwanja. Mzee mvuvi akachagua mwanya kati ya mawe ambako mawimbi yanavunjika kabla ya kufika, maji yakaingia humo yakipumua polepole. Kijana akasimamisha stafu pale pale penye ukingo wa maji, akawa anaita namba ya juu na ya chini kila maji yanapopanda na kurudi, nasi tukachukua katikati. Maji yaliposimama, yakawa hayapandi tena wala hayajaanza kurudi, ukingo ulikuwa mita 1.8 juu ya sifuri ya Tanga. Jedwali lilisema 3.8. Kaka mtu akaandika mwenyewe hizo namba mbili, akatoa moja kwenye nyingine, akapata mita mbili kamili. Akakunja jedwali akalitia mfukoni. Kiwanja kilikuwa mita 4.1 juu ya bamvua ile, wala si mbili.

Naweka uzito kwenye jaribio hili kuliko maelezo yangu yote, na ningependa kila anayeuza au kununua ardhi ya pwani alifanye angalau mara moja. Halihitaji setelaiti. Linahitaji leveli, stafu, jedwali la maji na mtu anayeujua ufukwe wake. Mzee wa watu hakuwa na namba hata moja, lakini mstari wake wa mawe ulikubaliana na hesabu zetu kuliko karatasi zote tatu zilivyokubaliana zenyewe kwa zenyewe.

Likabaki swali la mama, na lilikuwa zuri kuliko yote: "Sawa, leo. Na wajukuu zangu?" Maana redioni anasikia kila siku kwamba bahari inapanda.

Inapanda kweli. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, linaeleza kwamba wastani wa bahari duniani ulipanda kama mita 0.20 kati ya 1901 na 2018, na kwamba kasi imeongezeka hadi milimita 3.7 kwa mwaka katika kipindi cha 2006 hadi 2018. Sababu kubwa ni mbili: maji yanayopashwa joto hutanuka, na barafu ya nchi kavu inayeyuka na kumiminika baharini. Mtu atauliza, wanapimaje milimita tatu kwenye kitu kinachopanda na kushuka mita tatu kila siku? Tangu mwaka 1992, ilipopaa setelaiti ya TOPEX/Poseidon, kumekuwa na mfululizo wa setelaiti zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita 1,336, zikirudia njia ileile kila baada ya siku kama kumi. Setelaiti inapiga rada wima hadi majini na kupima muda wa mwangwi kurudi. Kwa kuwa mahali ilipo angani panajulikana kwa usahihi mkubwa, umbali hadi majini ukitolewa unabaki na kimo cha bahari. Kila pigo moja lina kosa la sentimita kadhaa. Lakini mapigo ni mamilioni, yametapakaa karibu bahari zote, na makosa ya kubahatisha hufutana yakikusanywa. Mnyororo huo uliendelezwa na setelaiti tatu za Jason, kisha Sentinel-6 Michael Freilich iliyorushwa Novemba 2020, na kila mpya huruka kwanza sambamba na iliyotangulia ili zilinganishwe.

Setelaiti hizo, hata hivyo, hazikuisoma Mjimwema. Mwangwi wa rada hutoka kwenye eneo la kilomita kadhaa, na karibu na ufuo nchi kavu inauchafua. Kwa pwani bado tunategemea vituo vya bandarini, na kituo cha bandarini kina mtego wake: kinapima maji kulinganisha na ardhi kilipofungwa. Ardhi ikizama, bahari itaonekana inapanda haraka, kama inavyotokea Jakarta. Ardhi ikiinuka, bahari itaonekana inashuka: Stockholm ina rekodi tangu 1774 na maji yake yanaonekana kupungua kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa nchi ile bado inainuka baada ya kutuliwa mzigo wa barafu ya kale. Kituo cha Zanzibar, chenye rekodi tangu 1984, kilionyesha bahari ikishuka katika miaka yake ya mwanzo, na wapo waliolishikia bango jambo hilo wakidai habari za bahari kupanda ni uzushi. Rekodi fupi ya mahali pamoja hubeba mabadiliko ya pepo na mikondo ya miaka ile. Haiwezi kuisemea dunia, kama ambavyo wastani wa dunia nao hauwezi kuisemea Zanzibar.

Kwa hesabu ya mama, nilichukua makadirio mabaya zaidi ya jedwali kuu la IPCC: hewa chafu ikiendelea kuongezeka kwa kasi kubwa, wastani wa dunia unaweza kupanda kati ya mita 0.63 na 1.01 kufikia 2100. Nikaongeza kwamba sifuri ya Tanga haipandi na bahari, kwa hiyo maji yaliyoongezeka tangu miaka ya 1960 nayo lazima yahesabiwe juu yake, ingawa tulichopima kwenye mawe siku ya bamvua kilikuwa tayari na ongezeko hilo ndani yake. Kiwanja chenye mita 4.1 juu ya bamvua kinabaki pakavu. Ufuo ndio utakaoliwa, na yeyote aliyeona ilichofanya bahari kule Kunduchi anajua kwamba mchanga huondoka kabla kimo cha maji hakijabadilika sana. Nikamshauri asiweke choo wala kisima upande wa bahari.

Lakini tulipokuwa tukipima tuligundua jambo ambalo hakuna karatasi iliyolitaja. Barabara ya kuingilia inapita kwenye bonde dogo, na maji yake ya mvua hutoka kwa kalavati moja ambalo mdomo wake uko mita 1.1 tu juu ya sifuri ya Tanga. Bamvua ya mita 1.8 inaufunika. Ikinyesha mvua kubwa ya masika wakati bahari imejaa, maji hayana pa kwenda kwa saa kadhaa na yanarudi barabarani. Mto Msimbazi unapofurika pale Jangwani, bahari iliyojaa huchangia kwa njia hiyohiyo, kwa ukubwa usiolinganishika. Mzee mvuvi alipoonyeshwa akacheka kidogo: "Hapo mbona kila masika tunavua viatu."

Mama alinunua. Kwenye mkataba, kwa msisitizo wa kaka yake, iliandikwa kwamba kimo cha pembe ya kaskazini mashariki ni mita 5.9 juu ya usawa wa wastani wa bahari wa Tanga, na namba ya alama tuliyoanzia ikatajwa. Jedwali la kijana lilichapwa upya likiwa na safu mbili za kimo, kila moja na jina la sifuri yake juu. Muuzaji alikubali kupunguza bei kwa gharama ya kuinua njia ya kuingilia na kuongeza kalavati la pili, lenye mdomo juu ya mstari wa bamvua.